Vazi la Kujishonea

Ifikapo mwezi wa Juni, kandokando ya njia za Kishapu, katika mkoa wa Shinyanga, huonekana vitu vyeupe vilivyonaswa na miba na majani makavu. Ni pamba iliyopeperuka kutoka kwenye mikokoteni ya ng'ombe na malori yanayoelekea kwenye vituo vya kununulia. Mkulima anayeswaga ng'ombe hao amelima pamba tangu utotoni, na baba yake alilima kabla yake. Lakini shati alilolivaa halikutokana na pamba hiyo kwa njia yoyote anayoweza kuifuatilia. Lilifika ndani ya belo la mitumba, likatandazwa mnadani, na kifuani lina maneno ya lugha asiyoisoma, yanayosifu timu ya mchezo asioujua. Mwenye pamba amevaa nguo ya mtu asiyemfahamu, na pamba yake nayo inakwenda kwa mtu asiyemfahamu.

Hali hiyo inaibua swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana la mzaha: je, mtu muadilifu anapaswa kuvaa kile tu alichokishona mwenyewe? Wapo watu duniani waliojiwekea sharti hilo na kulishika. Hawanunui shati, hawapokei gauni, hawavai kofia ambayo sindano yake haikupita mkononi mwao. Majirani huwacheka, kisha huwastaajabia, na mwisho huwauliza sababu. Sababu wanazozitoa zinastahili kusikilizwa, kwa kuwa zinagusa jambo ambalo kila aliyevaa nguo analo mwilini ingawa halimo katika fikira zake: mikono iliyomsitiri ni ya nani, na yeye ana deni gani kwayo.

Sababu ya kwanza ni kujitegemea. Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri matako, na Azimio la Arusha la 1967 liligeuza hekima ya namna hiyo kuwa siasa ya nchi nzima. Mtu ambaye sitara yake inategemea meli kutoka ng'ambo, huenda siku moja akaamka uchi. Sababu ya pili ni haki. Mnamo tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya mji wa Dhaka huko Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wakiwa wasichana na wanawake waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa kuingia. Anayejishonea, husema watetezi wa sharti hili, ana hakika kwamba suruali yake haikumuua mtu. Sababu ya tatu ni kiasi. Aliyekesha siku nne juu ya kanzu moja hataitupa kwa sababu ya kifungo kilichodondoka, na kabati lake halitajaa nguo zisizovaliwa.

Hoja hizi tatu si ngeni katika ardhi hii, wala hazikuletwa na vitabu. Kabla ya karne ya 20, nchi za Unyamwezi na Ufipa zilikuwa na wafumaji wao. Wasafiri waliopita huko katika karne ya 19 waliona pamba ikisokotwa kwa pia ya mkononi na vitambaa vizito vikifumwa juu ya mitande ya miti. Pwani nako hali ilikuwa hiyo hiyo na ya kale zaidi. Katika magofu ya Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea nyuzi, na Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitaja vitambaa vya Mogadishu vilivyosafirishwa hadi Misri. Wakati huo mtu wa Kilwa angeweza kumtaja aliyelima pamba ya shuka yake, aliyeisokota na aliyeifuma, na pengine wote watatu waliishi mtaa mmoja.

Kilichouvunja mnyororo huo kilipitia visiwani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na baada ya hapo meli zikazoea kupakua Unguja marobota ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Watu wakakiita merikani, na jina hilo limedumu katika lugha kuliko biashara yenyewe. Merikani ilikuwa imara, na ilifika kila mahali misafara ilikofika. Ikawa sarafu: hongo ililipwa kwa nguo, mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa kwa nguo, pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo. Shuka ikawa kipimo cha mikono minne, na doti mikono minane. Mwanamke wa Unguja anaponunua doti ya kanga leo, anatamka kipimo cha misafara ile bila kukusudia.

Yafaa kusema wazi kwamba merikani haikuwa nguo safi. Pamba yake, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, ilivunwa na watumwa katika mashamba ya kusini ya nchi hiyo. Huku upande wa pili wa bahari ilibadilishwa kwa meno ya tembo, na wakati mwingine kwa watu. Kwa hiyo mfumaji wa Unyamwezi alipoweka chini pia yake na kununua merikani kwa sababu ilikuwa rahisi na nyingi, alijifunga bila kujua kwenye utumwa wa pande mbili za dunia. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Pengine walionya mapema mno, au hapakuwa na aliyekuwa na nafasi ya kusikiliza.

Aliyeligeuza sharti la vazi kuwa jambo la taifa zima alipata kukanyaga ardhi ya Unguja. Mwaka 1893, kijana Mohandas Gandhi, akiwa njiani kutoka Bombay kwenda Afrika Kusini, alishuka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Wakati huo alikuwa wakili aliyevaa suti. Miaka 28 baadaye, mwezi wa Septemba 1921, katika mji wa Madurai, aliziacha nguo zake akajifunga kipande cha khadi kiunoni, naye aliwataka Wahindi wasokote nyuzi zao wenyewe kwa charkha kila siku. Wanaofuatilia asili ya maneno hulihusisha neno cherehani na jina la gurudumu hilo. Mashine inayolia barazani Kahama na gurudumu lililotikisa dola ya Uingereza ni watoto wa neno moja la Kiajemi.

Lakini habari za Gandhi zina sehemu mbili ambazo wapenzi wa sharti hili huzipita haraka. Kwanza, yeye alisokota, ila wengine ndio waliomfumia. Pili, mwaka 1931 alipokwenda Uingereza, alikwenda hadi Darwen, katika nchi ya Lancashire, kuonana na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokuwa hawana kazi, na mgomo wa Wahindi dhidi ya nguo za kigeni ulikuwa mmojawapo wa sababu. Walimpokea kwa heshima. Naye hakukataa kwamba walikuwa na njaa; aliwaeleza tu kwamba njaa ya vijiji vya kwao ilikuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kuacha kununua nguo ni tendo linalomgusa mtu mwingine sawasawa na kununua. Hakuna vazi linalomwachia mvaaji mikono mitupu ya lawama.

Na irejewe Shinyanga, ambako sharti hili linaweza kupimwa kwa mizani. Kilo moja ya pamba mbegu, ikishachambuliwa, hutoa theluthi ya uzito wake au zaidi kidogo kuwa pamba nyuzi. Sehemu iliyobaki ni mbegu, zinazokamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya mifugo. Theluthi hiyo inatosha shati moja jepesi. Kwa hiyo kila kilo ambayo mkulima wa Kishapu anaiweka kwenye mizani ni shati lililolala usingizi. Kuliamsha ndiko kazi ilipo. Pamba inahitaji kuchambuliwa, kusokotwa uzi wenye urefu wa kilomita kadhaa, kufumwa, kupaushwa, kutiwa rangi na kukatwa, ndipo ishonwe. Kushona ni hatua ya mwisho, tena fupi kuliko karibu zote. Anayejivunia kwamba amevaa alichokishona mwenyewe amefanya moja ya kazi saba, na sindano yenyewe hakuifua.

Taifa lilijaribu kuzishika kazi hizo zote saba. Katika miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake, wakichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyompunja mkulima, waliwaunganisha wakulima wa Usukuma katika vyama vya ushirika, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Baada ya uhuru vikajengwa viwanda: Urafiki ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma. Kwa muda, pamba ya Shinyanga iliweza kurudi Shinyanga ikiwa khanga au kitenge. Kisha vikaja vipuri vilivyokosekana, umeme uliokatika, madeni, na katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba ikamwagika. Viwanda vingi vilidhoofika au vikafungwa. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi husafirishwa nje ikiwa ghafi. Mwaka 2012 wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo ni moyo wa kilimo hicho, zilitengwa na Shinyanga zikawa mkoa wa Simiyu. Mipaka ilibadilika, lakini njia ya pamba haikubadilika.

Magharibi ya hapo, mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka huo huo wa 2012, unaishi kwa zao jingine. Pamba huitwa dhahabu nyeupe. Huko Geita ipo ile ya manjano. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka uliofuata. Pembeni mwa migodi hiyo, sehemu kama Nyarugusu na Rwamagasa, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara kwa kamba. Mawe husagwa kwenye karasha, matope yake hutiririshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia au mazulia makuukuu ili punje nzito zinaswe, kisha mchanga ule huchanganywa na zebaki ndani ya beseni. Hatua inayofuata inahitaji nguo. Mchimbaji huchukua kipande cha kitambaa, mara nyingi cha fulana iliyochakaa, humimina ndani yake ule mchanganyiko, na kuukamua kwa vidole. Zebaki hupenya, na ndani ya kitambaa hubaki donge la kijivu ambalo likichomwa huacha dhahabu. Moshi wake huingia kifuani mwa aliyechuchumaa karibu.

Kitambaa hicho ni nguo iliyofika mwisho wa safari yake. Huenda pamba yake ililimwa Maswa, ikafumwa Asia, ikavaliwa Ulaya, ikarudi kwenye belo hadi mnada wa Geita, ikavaliwa tena shimoni, na sasa inachuja dhahabu ambayo mkamuaji hataivaa. Hapa sharti la kujishonea linaingia katika mtihani ambao halikujiandaa nao. Msomaji wa pwani anayejitahidi kuvaa kilichotoka mkononi mwake, je, na kipini cha puani? Na bangili za mahari, mkufu wa mama, pete aliyovishwa mbele ya mashahidi? Dhahabu haishonwi. Popote ilikotoka, ilitoka kwenye mkono wa mtu aliyeinama. Mtu anaweza kusafisha kabati lote la nguo na bado akabaki, shingoni na masikioni, na deni lile lile.

Upo pia upande wa pili wa hoja, nao una haki yake. Lau kila mtu angejishonea, fundi wa barazani angekula nini? Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, mafundi cherehani hukaa safu kwa safu mbele ya maduka ya vitenge. Wanapima, wanakata, wanaahidi Ijumaa na kutoa Jumatatu, na kwa mapato hayo wanasomesha watoto. Kumpelekea fundi kitambaa ni kumwamini kwa vipimo vya mwili na kumpa riziki. Kadhalika visiwani: kofia ya kushona kwa mkono humchukua mwanamke wiki nyingi, akiipokea na kuiweka chini kati ya shughuli nyingine, na mume akiivaa watu husoma subira ya mkewe kichwani mwake. Mwanamume aliyejiapiza kuvaa kazi ya mkono wake tu angelazimika kuirudisha kofia hiyo. Sharti lililoanza kwa kupenda haki lingemfikisha kwenye utovu wa shukrani.

Aidha, ni lazima iulizwe ni nani mwenye muda wa sharti hili. Mwanamke wa kijijini anayelima, anayechota maji na kulea, akiambiwa ashone kila nguo anayoivaa, na bila shaka ya mume na ya watoto pia, ameongezewa mzigo kwa jina la maadili. Kwake mitumba ni rehema: kwa shilingi chache mtoto anakwenda shule akiwa na sweta. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu ili viwanda vya nyumbani vipumue. Marekani ikapinga. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake nafuu ya kuingia katika soko hilo bila ushuru. Ikiwa dola nne zilishindwa kuamua kwa uhuru watu wao wavae nini, si uungwana kumsimanga mama aliyesimama mbele ya fungu la fulana mnadani.

Basi sharti liachwe? Likiachwa lote, litaondoka na kitu chenye thamani. Mtu anayeshona shati moja, moja tu, kuanzia kukata hadi tundu la mwisho la kifungo, hujifunza jambo ambalo hotuba haiwezi kumfundisha. Atajua kwamba kola ndiyo inayomtoa fundi jasho, na kwamba mkono wa shati ukikosewa hurudiwa tangu mwanzo. Atahesabu saa zake, atazilinganisha na bei ya dukani, na atatambua kwamba hesabu haikubaliani: mahali fulani kuna mtu aliyelipwa kidogo mno. Maarifa hayo ndiyo faida ya kujishonea. Kiburi cha kusema "simtegemei mtu" ni makapi yake, nayo hayana ukweli, kwa sababu hata mshonaji huyo alipokea kitambaa, uzi na sindano kutoka kwa watu.

Maarifa yakishapatikana yana kazi ya kufanya, nayo ni kulipa deni mahali linapolipika. Aliyejua ugumu wa kola hatamvuta fundi bei hadi amvunje moyo, wala hatachukua nguo akaahidi kulipa mwezi ujao. Mwenye kununua pamba atajua kwamba kuchelewesha malipo ni kumvua mkulima nguo: katika msimu wa 2019 wakulima wengi wa kanda ya ziwa waliikabidhi pamba yao na kukaa miezi bila kuona fedha, wakati ada za shule na njaa havikungoja. Mwenye kusimamia mizani atakumbuka kwamba kila kilo inayopunjwa ni shati. Mwenye kuvaa dhahabu atauliza, anapomkabidhi sonara fedha zake, ilikotoka na kwa gharama ya kifua cha nani. Majibu hayatapatikana kila mara, lakini soko lisiloulizwa halijibu kamwe.

Kuna nguo ya mwisho ambayo hukata shauri katika suala hili. Wazee wengi wa pwani huinunua mapema, huikunja na kuiweka kashani pamoja na udi na karafuu maiti: vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke. Wanaweza kuichagua, kuilipia, hata kuikata kwa mkono wao. Hawawezi kujivika. Siku hiyo mwenye kujitegemea kuliko wote atalazwa na wengine, ataoshwa na wengine, na atafungwa sanda na mikono ambayo hana tena nafasi ya kuishukuru. Pamba itakayowekwa juu ya macho yake nayo ililimwa na mtu, pengine Kishapu, akaiswaga kwa mkokoteni mwezi wa Juni hadi kituoni, akangoja zamu yake kwenye mizani. Kilichobaki cha kuulizwa ni kama alilipwa.